Jazz: neno lililoanzia uwanjani

Swali lenyewe ni fupi: neno jazz limetoka wapi? Majibu ndiyo mengi. Ukilitupa kijiweni kwa wapenda muziki, wa kwanza atakwambia lilizaliwa kwenye madanguro ya New Orleans. Wa pili atasema ni Kifaransa. Wa tatu atamtaja mwanamuziki fulani aliyeitwa Jasbo Brown, na kama kuna Mswahili mjuzi hapo hatakosa kuleta kitenzi chetu "jaza": muziki unaojaza roho, au siyo? Hadithi zote zinapendeza, ila hakuna anayetoa karatasi yenye tarehe.

Karatasi zipo. Ya zamani zaidi inayojulikana ni gazeti la Los Angeles Times la tarehe 2 Aprili 1912, na ndani yake hamna muziki. Mna besiboli. Ben Henderson, mrushaji mpira wa timu ya Portland, anamweleza mwandishi kwamba mwaka huo amekuja na mtupo mpya wa kupinda. Ameuita "Jazz ball" kwa sababu mpira unayumbayumba hewani na mpigaji hana la kuufanya. Tarumbeta haitajwi, wala New Orleans, wala mcheza dansi.

Kisa hiki kinafaa kusomwa polepole kwa sababu karibu kila kosa la kutafuta asili ya neno la mtaani limefanyika humu, mengine na kamusi kubwa zenye heshima zao, na yakasahihishwa hadharani.

Daftari kwanza, masikio baadaye

Kazi ya namna hii huanza na daftari lenye safu saba. Kila mahali neno linapoonekana unaandika tarehe kamili, mji, jina la chapisho, tahajia kama ilivyo bila kuinyoosha, sentensi nzima, maana yake kwa maneno yako, na msemaji ni nani: mchezaji, mwandishi wa michezo, mpiga bendi, au mpiga debe wa ukumbi. Safu ya "lugha lilikotoka" haimo, na haimo kwa makusudi. Ukiiweka mapema utaanza kuona unachokitaka. Masikio ya binadamu ni mepesi mno kusikia undugu.

Kwa neno hili, utafutaji kwenye hifadhi za magazeti ya zamani unahitaji tahajia tano: jas, jass, jaz, jasz na jazz. Zote zilichapishwa kwa maana ileile ndani ya miaka michache, jambo la kawaida kwa neno linaloishi mdomoni kabla ya kufika mezani kwa mhariri. Tahajia ya kwanza ndiyo inayochosha watu. "Jas." lilikuwa kifupisho cha kawaida cha jina James, hivyo ukiitafuta peke yake utaletewa maelfu ya wenye maduka, mashahidi wa mahakamani na marehemu. Dawa yake ni kuitafuta na jirani yake: "jas band", "jass band", "the old jazz". Punguza pia miaka, tuseme 1905 hadi 1919, na anza na jimbo moja. Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni ya bure, na hifadhi ya magazeti ya kale ya California nayo ni ya bure.

Usiamini maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Programu inayogeuza picha ya gazeti kuwa maandishi huchanganya herufi zilizofifia, na neno fupi lenye herufi nne ndilo linaloumia zaidi. Fungua picha ya ukurasa, soma sentensi kwa macho yako, kisha panda juu ya ukurasa uhakikishe tarehe. Majarida yaliyojalidiwa pamoja hupewa mwaka wa toleo la kwanza, na ukurasa wa mwaka 1921 unaweza kuja mbele yako ukiwa na lebo ya 1908.

California, Machi 1913

Miaka mingi kabla ya karatasi ya Henderson kupatikana, ushahidi uliojulikana ulikuwa wa San Francisco. Peter Tamony, mtafiti wa mji huo aliyekusanya maneno ya mtaani maisha yake yote, aliufukua mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika miaka ya 1970 Dick Holbrook akaufuatilia kwa undani. Timu ya besiboli ya San Francisco, Seals, ilikuwa kambini Boyes Springs, mahali penye chemchemi za maji moto katika wilaya ya Sonoma, kaskazini mwa mji. Mwandishi wa michezo wa gazeti la Bulletin, E. T. Gleeson, aliyeitwa "Scoop", alikuwa akituma habari kutoka huko.

Tarehe 3 Machi 1913 analitumia neno kuhusu mchezaji mmoja aliyekuja na sifa ya kuwa mshamba wa ligi ndogo. Ukiisoma sentensi ile bila kujua kinachofuata, jazz inaonekana kumaanisha porojo, maneno ya kutia chumvi. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Machi, maana imebadilika: wachezaji wamerudi mjini wamejaa ile "jazz" ya zamani, na mwandishi anajiuliza mwenyewe jazz ni nini, kisha anajibu kwamba ni uhai, ni "pep", ni hamasa. Hata neno la Kiingereza la hamasa analipinda kwa mzaha.

Kifungu hicho cha tarehe 6 kina thamani kubwa kuliko vyote kwa sababu mwandishi amelazimika kutoa maana. Mtu haelezi neno ambalo wasomaji wake wanalijua. Kwa hiyo tunajua kitu ambacho tarehe peke yake isingetwambia: kwamba mwezi Machi 1913, mjini San Francisco, neno hili lilikuwa geni kwa msomaji wa kawaida, ingawa kambini lilishazoeleka.

Mwezi mmoja mbele, tarehe 5 Aprili 1913, gazeti hilohilo likachapisha makala ya Ernest J. Hopkins ya kulisifu neno jipya lililojiunga na lugha. Anatoa orodha ndefu: uhai, nguvu, furaha, mvuto, ujasiri, kuchemka kwa roho, mpaka anajichokea na kusema hakuna neno jingine linalotosha. Muziki haumo hata mara moja. Mtu aliyekaa kuandika makala nzima ya kulipamba neno, katika mji wenye kumbi tele za dansi, angeusahau muziki vipi kama jazz ilikuwa tayari jina la muziki?

Gleeson mwenyewe alikuja kuhojiwa na kumbukumbu zake. Mwaka 1938 aliandika kwamba neno alilitoa kwa mwenzake, William Slattery, ambaye alilisikia kwenye mchezo wa dadu: mchezaji akirusha dadu alipiga kelele akiiita "the old jazz" imjie, kama mtu anavyoiita bahati. Maelezo haya yanavutia na huenda ni ya kweli, lakini yana miaka 25 mgongoni. Kwenye daftari yanaingia chini ya mwaka 1938, yakiwa na alama kwamba yanazungumzia 1913. Kuyaingiza chini ya 1913 ni udanganyifu mdogo ambao watu wazima na elimu zao huufanya kila siku.

Kisha mwaka 2003 mkutubi wa New York, George Thompson, akaipata karatasi ya Los Angeles ya 1912, na hadithi ya "Gleeson ndiye mkunga" ikaanguka. Henderson hakuwa San Francisco. Alikuwa mchezaji wa Portland, na mahojiano yalifanyika Los Angeles. Ila timu za Portland, Los Angeles na San Francisco zilikuwa zikicheza ligi moja, ligi ya Pwani ya Pasifiki, zikisafiri kwa treni na kulala hoteli zilezile. Neno la mchezaji wa Portland kufika kambi ya Seals ndani ya miezi 11 halihitaji maelezo. Yapo matumizi matatu ndani ya mwaka mmoja, na maana tatu tofauti: mpira unaoyumba, porojo, hamasa. Wasiozoea kazi hii huona kutofautiana huko ni kasoro ya ushahidi. Kwa kweli ndiko kunakoonyesha kwamba neno bado bichi, kila mtu analishika anavyoweza.

Daraja la kwenda kwenye muziki

Hapa ndipo watafiti wengi wa kijiweni huruka mto bila daraja. Haitoshi kuonyesha neno lilikuwapo California kwa maana ya hamasa na baadaye likawapo Chicago kwa maana ya muziki. Lazima uonyeshe nani alilibeba, na maana ilihamaje.

Wabebaji wanaojulikana ni wapiga muziki wa San Francisco. Art Hickman alikuwa na kikundi kilichowaburudisha wachezaji kule Boyes Springs. Bert Kelly, mpiga banjo aliyewahi kupiga na Hickman, alihamia Chicago na baadaye akadai yeye ndiye wa kwanza kuita bendi "jazz band". Dai la mtu anayejisifia ubingwa linaandikwa kwa penseli. Hata hivyo njia aliyopita, kutoka San Francisco kwenda Chicago kati ya 1914 na 1915, inakubaliana na tarehe za magazeti, na hilo linaandikwa kwa wino.

Tarehe 11 Julai 1915 Chicago Daily Tribune ilichapisha makala yenye kichwa kinachosema kwamba blues ni jazz na jazz ni blues. Humo tunasoma kwamba jazz imetia "pep" kwenye miguu ya watu waliochoka na kukimbilia treni ya jioni. Neno la pili, pep, ndilo lililotumiwa na Gleeson kuitafsiri jazz mwaka 1913. Maana ya zamani bado imo ndani ya maana mpya, kama jina la mtoto lililoandikwa juu ya jina la babu bila kulifuta vizuri. Sentensi ya namna hii, yenye maana mbili zikikaa pamoja, ndiyo inayotafutwa katika hatua hii. Ukiipata moja ina uzito kuliko sentensi ishirini zenye maana mpya tupu.

Na New Orleans? Ushahidi wake wa mapema unaojulikana ni gazeti la Times-Picayune la tarehe 14 Novemba 1916, na unachekesha kidogo. Gazeti linasema majarida ya maonyesho yameanza kuzitaja "jas bands", kwamba mwanzoni zilidhaniwa zimeanzia Chicago, lakini kila aliyezoea mitaa ya starehe ya New Orleans anajua nyumbani kwake ni hapa. Kuhusu muziki, gazeti linasema kweli. Kuhusu neno, limejishtaki lenyewe: mji unalalamika kwamba sifa yake imechukuliwa, na unalalamika kwa kutumia jina uliloletewa na majarida ya nje.

Sidney Bechet, mpuliza klarineti na saksofoni aliyezaliwa New Orleans mwaka 1897, alishasema katika kumbukumbu zake kwamba jazz ni jina ambalo watu weupe waliupa muziki huo; wao wenyewe waliuita ragtime. Ni kumbukumbu ya miaka mingi baadaye, lakini haigongani na daftari popote.

Mambo yalikwenda kasi baada ya hapo. Tarehe 26 Februari 1917 bendi ya vijana weupe wa New Orleans, Original Dixieland Jass Band, ilirekodi sahani yake mjini New York kwa kampuni ya Victor. Sahani ikauzika mno. Mwaka huohuo tahajia ya jass ikaanza kupisha jazz, na neno likawa la dunia.

Watu wengi, hasa wenye uchungu na historia ya Wamarekani weusi, husikia kisa cha California na kuhisi wanaporwa. Hisia hiyo ina sababu, kwa kuwa mengi yaliporwa kweli. Lakini kitu na jina lake si lazima vizaliwe siku moja wala nyumba moja. Mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam yalikuwapo, yakiitwa chai maharage, kabla makondakta hawajaanza kupigia kelele nauli ya dala, yaani shilingi tano, na watu wakaanza kusema daladala. Jina lilitoka kwenye sarafu. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba benki ndiyo iliyoanzisha usafiri wa mjini. Muziki wa jazz ni kazi ya Waafrika wa Marekani wa New Orleans. Lebo ilibandikwa Chicago, na gundi yake ilitoka viwanja vya besiboli vya Pasifiki.

Kosa la miaka kumi lililokaa kwenye kamusi

Kwa muda mrefu kamusi kubwa ya Oxford iliweka ushahidi wa kwanza mwaka 1909. Chanzo kilikuwa sahani ya mchekeshaji Cal Stewart, ambaye kwa sauti ya mzee wa shamba anasimulia jinsi bibi mmoja alivyomwuliza kama anacheza jazz. Sahani ya kichekesho hicho ilitoka kweli mwaka 1909. Tatizo ni kwamba Stewart alikirekodi tena mwaka 1919, dansi ya jazz ikiwa imeshapamba moto, na akabadilisha mistari iendane na wakati. Neno limo kwenye toleo la pili tu. Mtu alisikiliza sahani moja akasoma tarehe ya nyingine.

Jinsi ya kulinasa kosa la aina hii: kila ushahidi unaosimama peke yake mbali na wenzake ushuku. Maana ya dansi mwaka 1909, halafu kimya cha miaka sita, halafu ghafla kila gazeti? Maneno ya mtaani hayajifichi hivyo. Kwa sahani, tafuta namba ya matriki iliyochorwa karibu na lebo, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha rekodi moja na nyingine ya kichekesho kilekile.

Kosa jingine ni la makusudi zaidi. Tarehe 5 Agosti 1917, Walter Kingsley, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzitangaza kumbi za maonyesho, aliandika kwenye New York Sun kwamba neno ni la Kiafrika, na kwamba mwandishi Lafcadio Hearn alilikuta kwa Wakrioli wa New Orleans. Hearn alikuwa amekufa mwaka 1904, hakuweza kukanusha. Waliopekua maandishi yake hawajaliona neno hilo. Lakini dai la Kingsley lilinakiliwa kitabu baada ya kitabu, na kila anayenakili humtaja aliyemtangulia, mpaka linaonekana lina mashahidi kumi ilhali lina mmoja, naye ni mpiga debe. Ukiona madai mengi, yafuate nyuma hadi yakutane. Mara nyingi yanakutana kwa mtu mmoja.

Mzizi unaokubalika zaidi

Baada ya daftari kuonyesha kwamba maana ya mwanzo ni nguvu na uhai, California, mdomoni mwa wanamichezo, swali linabadilika: je, Kiingereza cha Marekani kilikuwa tayari na neno linalofanana, lenye maana hiyo, kabla ya 1912? Lilikuwapo. Katika riwaya ya J. G. Holland ya mwaka 1860, Miss Gilbert's Career, mtu anaulizwa "jasm" ni nini. Anajibu kwamba ukichukua radi na umeme, meli ya mvuke na msumeno wa mashine, ukavichanganya na kuvitia ndani ya mwanamke mmoja, hiyo ndiyo jasm. Dada yake wa karibu ni "jism", linaloonekana tangu 1842 kuhusu farasi aliyeishiwa nguvu. Huyo wa pili alikuja kubeba pia maana ya shahawa.

Umbo nalo linakubali. Kwa Kiingereza, s iliyo kabla ya m mwishoni hutamkwa z. Msikilize mtu akisema "soshalizimu" utaipata. Jasm hutamkwa karibu na "jazam". Kata mkia, unabaki na "jaz" bila kulazimisha chochote, na wakati huohuo unapata sababu ya waandishi kusitasita kati ya s na z.

Ujamaa na jism ndio unaoeleza pia kwa nini wazee wa muziki, Eubie Blake akiwa mmojawao, walisema neno hili halikutajwa mbele ya mabibi. Lakini ushahidi wa maandishi wa jazz kwa maana ya kitandani unaanza mwishoni mwa miaka ya 1910, baada ya besiboli na baada ya muziki. Gleeson na Hopkins walilichapisha kwenye gazeti la familia mwaka 1913 bila kupepesa macho, jambo ambalo wasingethubutu kama lingekuwa tusi la wazi. Harufu ya danguro huenda ilikuja baadaye, au ilirithiwa kimyakimya kwa jism. Madanguro ya New Orleans kuwa kiwanda cha neno ni dai lisilo na karatasi.

"Jaza", "jazba" na undugu wa masikio

Turudi kwa Mswahili wetu. Dai la "jaza" linastahili kupimwa kwa haki, si kuchekwa. Maana yake haiko mbali: kujaa na kujaza ni maneno yanayokaa jirani na nguvu. Sauti ni zilezile. Kwa nini lisikubalike?

Kwanza, njia. Watumwa waliopelekwa Marekani Kaskazini walitoka zaidi Afrika Magharibi na ukanda wa Kongo na Angola. Waliotoka upande wa Bahari ya Hindi walikuwa sehemu ndogo, na biashara ya kuwaingiza Marekani ilipigwa marufuku kisheria tangu 1808. Neno la Kiswahili lingelazimika kuvuka bahari kabla ya hapo, kisha kuishi miaka mia moja bila kuandikwa na mtu yeyote, na hatimaye kuibuka mdomoni mwa mrushaji mpira wa Portland. Pili, umbo. "Jaza" ni kitenzi cha kauli ya kutendesha kilichotokana na "jaa". Jazz ya 1912 na 1913 ni nomino, jina la kitu. Tatu, jasm ya 1860 inabaki bila kazi. Ukikubali "jaza" inabidi useme kwamba Kiingereza kilikuwa na jasm yenye maana ileile mahali palepale, halafu kikaiacha na kuazima ya mbali.

Kama ni kufanana tu, tunalo jingine bora zaidi ambalo wapenzi wa "jaza" hulisahau. "Jazba", tuliyoipata kwa Waarabu, maana yake ni moto wa hisia, mtu kupandwa na hamasa. Hiyo ni maana ya Gleeson kabisa! Lakini ukishakubali "jazba" na "jaza" kwa pamoja, na "dinza" la Kikongo ambalo nalo limependekezwa, na "jaser" la Kifaransa lenye maana ya kupiga soga, umeshathibitisha jambo moja tu: silabi moja ya konsonanti, irabu na konsonanti hupata ndugu katika kila lugha duniani. "Dinza" ndilo lenye njia nzuri kidogo, kwa kuwa watu wa Kongo walifika New Orleans kwa wingi, na maana yake inagusa ile ya jism. Linachokosa ni maandishi ya katikati. Likipatikana hata barua moja ya Louisiana ya karne ya 19 yenye umbo linalokaribia hilo, kesi itafunguliwa upya.

Kipi kimekwisha, kipi bado

Kwa kiwango cha ushahidi uliopo: neno lilikuwa la besiboli ya Pwani ya Pasifiki mwaka 1912 na 1913, hilo halina ubishi. Kwamba lilipata maana ya muziki Chicago kufikia 1915, na New Orleans ikalipokea baada ya hapo, ni imara kwa tarehe, ingawa karatasi moja ya zamani inaweza kulipindua. Kwamba linatokana na jasm ndiyo maelezo bora yaliyopo, lakini ni hukumu ya uwezekano. Nani alilitamka kwanza, iwe Henderson, wacheza dadu au mtu wa nne, hilo halijibiki. Jumuiya ya Lahaja ya Marekani ililitangaza mwaka 2000 kuwa neno la karne ya 20, na hata waliolipigia kura walijua cheti chake cha kuzaliwa kina nafasi zilizo wazi.

Safari yake haikuishia Marekani. Lilipofika kwetu, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilikuwa bendi za dansi, za magitaa na rumba. Atakayejaza zile safu saba kwa Tanganyika ataandika kwenye safu ya maana: "bendi ya dansi", na atakuwa sahihi. Akivuka ziwa afike kwenye OK Jazz ya Franco, iliyoundwa Kinshasa mwaka 1956, asikimbilie kuandika kwamba OK hiyo ni ile ya Wamarekani. Ni herufi za mwenye baa walikopigia, Oscar Kashama. Bendi ilipokua, herufi hizohizo zikaanza kusomwa Orchestre Kinois, na leo utampata mtu anayeapa ndiyo maana ya tangu mwanzo.